Pipa la Mama na Chachu Nyekundu

Jumatatu, 3 Juni
Maabara tangu saa moja. Friza imekufa. Fundi anasema kesho. Jana pia alisema kesho. Chupa zote zimeharibika isipokuwa moja: chachu niliyoibadili histoni, zile protini ambazo jeni hujiviringisha juu yake. Zikikaza, jeni inanyamaza, haifanyi kazi tena, na chachu yangu inageuka nyekundu. Miaka miwili ya jasho. Nimeileta nyumbani Malangali, kwenye friji ya Mama. Nimeandika CHACHU kwa Kiswahili, herufi kubwa, ili waelewe.

Jumatano, 5 Juni
Wameelewa.
Mama kaimimina yote kwenye pipa la pombe ya ulezi, ya wageni wa misa ya kumbukumbu ya Baba Jumamosi. Chupa kaiosha, inang'aa. "Umeandika chachu, mwanangu. Chachu ya nini kama si ya pombe?" Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi. Mtu wa uzamivu, lebo imenishinda!

Alhamisi, 6 Juni
Pombe inatoa povu. Mama anawatambia majirani. Nikisema, anaimwaga. Nisiposema, wageni wa Baba wanakunywa kitu cha maabara ambacho hakuna aliyekipima kwa binadamu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimesema. Mama akatamka neno la Kifipa ambalo siliandiki hapa. Nikaichemsha pombe sufuria kwa sufuria ili chachu ife, yeye akamwaga shimoni. Akabakiza kikombe kimoja kisichochemshwa. "Haya, katafute mbegu yako." Kesho wageni watakunywa chai. Aibu tupu.

Jumanne, 11 Juni
Maabara. Sahani ishirini za kuoteshea chachu, nilizopaka ile pombe. Madoa meupe, ya chachu ya kimea. Meupe. Meupe tu. Msimamizi wa utafiti wangu kapiga simu mara mbili, sijapokea. Nitamwambia nini? Kwamba kazi yangu imekwenda na pombe?
Sahani ya kumi na saba: doa moja jekundu, dogo kuliko punje ya ulezi. Nimelia mbele ya watu.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemwonyesha Mama picha kwenye simu. Kavaa miwani, katazama weee.
"Kwa hako kadoa ndiyo wageni wa baba yako wamekunywa chai?"
"Ndiyo, Mama. Nisamehe."
Kacheka mpaka kakaa chini. Mimi sikuweza. Baadaye akanipa ungo, tukapepeta ulezi wa pombe nyingine.