Maharage ya Mlimani Kando ya Ziwa

Mama yangu,

Shikamoo. Niko nyumbani Lundo, kando ya ziwa, nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni. Lile swali lako nimelipatia jibu, na nimetaka nikusimulie mimi mwenyewe.

Uliliuliza umeinama kwenye maharage yako nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimekushikia kikapu kitupu, na maua yalikuwa yametapakaa chini kama wali uliomwagika. Ulisema, "Jua la huku ni jingi kuliko la Mbinga. Mbona hayazai?" Nilikuwa mdogo, nikadhani unaniuliza mimi.

Kila mwaka ulipanda mwezi wa tatu, kama mlivyopanda kwenu Umatengo, kule milima ya Mbinga. Mwaka mmoja ulichimba hata ngoro, yale mashimo yanayozuia maji yasiteremke na udongo mlimani, wakati shamba letu ni tambarare. Kuku walifurahi, wakaoga vumbi humo. Shangazi alipita na beseni lake la usipa, dagaa wa ziwani, akacheka mpaka akalitua.

"Wifi, majani mazuri. Maharage tutayaona lini?"

"Cheka tu, wifi. Siku yakizaa utakuja na sahani yako mwenyewe."

Hata mwaka wa mwisho, ulipokuwa huwezi tena kuinama, ulikaa mkekani ukanionyesha kwa kidole pa kufukia mbegu. Yalipochanua ulikuwa umeshatangulia. Yakadondosha maua yote.

Sasa nasoma Mbinga, nakaa kwa mama mkubwa. Siku moja mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba jani hujitengenezea chakula mchana kwa mwanga wa jua. Usiku mwanga haupo, lakini mmea unaendelea kupumua, na kupumua kunakula akiba. Usiku ukiwa wa joto, akiba inaliwa zaidi. Nikanyoosha mkono, nikauliza habari ya maharage yako. Akasema maharage kama hayo hayavumilii usiku wa joto: chavua huharibika, na ua huanguka kabla ya kushika. Nilitazama nje, ukungu umefunika mibuni, nikaelewa. Jua hukulikosa, Mama. Ulikosa usiku wa baridi.

Na Lundo ina usiku wa baridi, ila si mwezi wa nne. Ni wa sita na wa saba, upepo wa kusini unapovuma, ule uliokufanya unifunike kitenge chako. Wakati huo mvua imekwisha, kwa hiyo panatakiwa mahali penye unyevu, kule bondeni Baba anakolima viazi vitamu.

Nilimwomba anipe sehemu ya bonde hilo.

"Msimu mmoja," akasema. "Yakidondosha maua narudisha viazi, na habari ya maharage tusiiseme tena katika nyumba hii."

Sikumlaumu. Alikuwa amechoka kukuona ukiinuka na kikapu kitupu. Mama mkubwa alinipa mbegu, Baba akazipanda mwezi wa tano kama nilivyomwomba.

Nimekuja likizo ya mwezi wa sita, na kila asubuhi nashuka bondeni. Mwanzoni nilikuta maua chini, nikaogopa, lakini niliendelea kushuka. Mengine yalibaki. Jana ua moja lilikuwa limenyauka bila kuanguka, na ndani yake kimechomoza kiganda cha kijani, chembamba kama njiti ya kiberiti. Nilimwita Baba. Alipiga goti, akakitazama bila kukigusa.

"Viazi vitatafuta pa kukaa," akasema.

Leo kuna viganda vingine. Shangazi naye ameshasikia, akaja na beseni lake kichwani.

"Haya, mwanangu. Nilete sahani lini?"

"Bado, shangazi. Ya mwaka huu hayaliwi. Ni mbegu."

Nilingoja acheke. Alitua beseni, akatazama bondeni.

"Basi na mimi unigawie za kupanda," akasema. "Mama yako alinialika."

Nimemkubalia. Kikapu chako nimekishona pale kilipochanika. Pumzika, Mama.

Ni mimi mwanao, niliyekushikia kikapu.