Farasi Mwenye Mwanya

Mpendwa Mama Domisiana wa redio, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla hujafika mbali naomba usinicheke, maana nyumbani wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni kijana wa Nyamiaga, baba yangu ana duka la vitambaa mjini Ngara, nami naendesha kibanda cha video kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Jina langu tafadhali lifiche, niite Fundi Mabawa kama wanavyoniita watoto wa hapo.

Kibandani tunaonyesha katuni ya farasi wenye mabawa, na hao farasi wote ni madume isipokuwa jike mmoja tu, naye hana kazi zaidi ya kulia na kuokolewa, basi sisi mashabiki tukaona si haki, tukaanza kubuni majike wetu wenyewe, kila mmoja na jina lake, rangi yake, ukoo wake na hasira zake, michoro tukawa tunaibandika ukutani na mingine tunaituma kwa basi kwa wenzetu wa Biharamulo na Bukoba. Mimi napaka rangi kwa buluu ya kufulia na hina ya dada yangu Naima. Tulikuwa wengi, Mama, lakini mwaka huu kambi inafungwa, na kila malori yanapoondoka kwenda Burundi yanaondoka na shabiki wangu, hata Iradukunda aliyekuwa anachora kuliko mimi keshakwenda, na sasa jioni nikizima mashine nabaki mimi na kuta zilizojaa farasi, hakuna wa kumwuliza kama hili bawa limekaa sawa au limepinda.

Katika upweke huo nikambuni jike mmoja niliyempenda kuliko wote. Ni mweupe, shingo ndefu, nywele za hina, ana mwanya mbele, na akicheka hufunika mdomo kwa bawa. Nilimwita Kanyange. Ni jina la binti mmoja Mrundi anayeuza karanga mlangoni pa kibanda, aliniambia kwao maana yake ni yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe, nikaona linamfaa kiumbe wangu, nikalichukua. Wenzetu wa Bukoba wakaandika kunikejeli kwamba kwato nimezipasua, huyo ni ng'ombe, farasi kwato yake haina mpasuko, na kweli mimi farasi sijawahi kumwona kwa macho, nikataka kufuta, yule binti akachungulia akasema, "Waache. Kwa matope hizo haziterezi." Nikaziacha.

Sasa kilichoniponza ni redio. Nilinunua kadi za salamu, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumsalimia nikamsalimia kiumbe wangu: "Fundi Mabawa anamsalimia Kanyange mwenye mwanya, popote alipo, ujumbe, usiruke mbali." Mtangazaji akaisoma, nikafurahi kama mtoto, nikatuma tena na tena, wallahi sikufikiria kwamba kambi nzima inasikiliza.

Juzi baba wa yule binti akaja kibandani amevaa koti, amefuatana na jirani yake. Nikamwamkia, akaitikia, lakini kukaa akakataa. Akasema, "Kijana, redio tumeisikia. Wiki ijayo tunarudi kwetu, majina yetu yamo kwenye orodha. Binti yangu anasema hapandi rori mpaka ajue neno lako. Kama ni mchezo, useme." Nikababaika, nikamwambia nitakuja kwake, akanipa mkono, akaondoka. Sijakwenda. Tangu siku hiyo binti hajaonekana na karanga zake, na ule mlango sasa siupendi hata kuutazama.

Mama, nitamwambiaje mzee mtu mzima kwamba niliyekuwa namsalimia ni farasi wa kubuni? Au ninyamaze tu, malori yaondoke, yaishe? Mimi Mwislamu, wao Wakatoliki, mama yangu akisikia atazimia. Nisaidie, nakonda.

Ni mimi, Fundi Mabawa.

JIBU LA MAMA DOMISIANA

Marahaba, mwanangu. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka, na Pancras wetu wa mitambo alicheka mpaka akatoka nje. Mara ya pili sikucheka. Mtu anayenunua kadi ya salamu akakosa wa kumtumia, huyo yuko peke yake kweli, na kwa hilo nakupa pole, tena pole sana.

Sasa nikugombeze. Katuni zako sizijui, lakini kusoma najua. Farasi gani, Fundi, ana mwanya? Jina kakupa binti. Kwato kazitetea binti. Na huko kucheka kwa kufunika mdomo, ulikubuni wewe, au ulikuona pale mlangoni kila siku akikupimia karanga? Mwulize mtoto yeyote aliyewahi kuingia humo kibandani akuambie ni nani yule ukutani, atakujibu bila kufikiri. Wewe ulijua pia. Ukaogopa, ukamvalisha mabawa ili usiulizwe.

Hofu yako naielewa, na ya mama yako naielewa zaidi, maana mimi pia ni mzazi. Lakini huwezi kumwita mtu redioni, akiitika ukajifanya hukuita. Na hilo la kunyamaza mpaka malori yaondoke, litoe kabisa kichwani! Msichana apande lori akiamini alichezewa mbele ya kambi nzima? Huko anakokwenda ana nyumba ya kuanza upya na shamba la kutafuta. Usimtwishe na hilo.

Fanya hivi. Oga, vaa nguo safi, mchukue mjomba wako au mtu mzima mwingine mwenye akili zake, nendeni kwa huyo mzee mchana kweupe. Mwamkie, umwombe radhi kwa kuchelewa. Uombe kuongea na binti, mama yake akiwepo. Mchoro nenda nao. Mweleze ukweli wote, hata ule wa aibu, kwamba ulianza na farasi ukaishia kwake. Kisha useme unachotaka. Kama unamtaka, tamka, hayo ya dini na mahari yana wazee wake. Na kama unachotaka ni mtu wa kukutazamia mabawa tu, tamka pia, asije akaacha safari ya kwao kwa ajili ya kukuondolea wewe upweke. Akikwambia nenda zako, utakwenda zako, na mchoro utamwachia. Kuchora usiache, una mkono mzuri, nadhani.

Uliniomba nifiche jina lako nikuite Fundi Mabawa, jina ambalo redio hii hii imelitangaza mpaka mbuzi wa Mbuba wanalijua. Nimekuita hivyo. Na wewe binti, najua unasikiliza. Hapa hakuna aliyekucheka, aliyechekwa ni yeye.

Haya, Fundi, inuka. Kwa sauti yangu ameshayasikia yote. Nenda akayasikie kwa yako.