Binti wa Kocha

9 Februari

Wifi yangu,

Habari za huko? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu unaolalamikia cherehani, na kaka yako ambaye ana homa ya majivuno tangu watangaze kwamba wewe ndiye kocha mkuu. Kila mteja anayeingia dukani lazima aelezwe. "Dada yangu huyo, mwanamke wa kwanza kupewa timu ile!" Jana kamweleza mama mmoja mpaka yule mama akaondoka bila sketi aliyoifuata.

Hongera, wifi. Nasema kwa moyo, japo moyo wenyewe unakumbuka kwamba zamani kwenye timu hiyo hiyo tulikuwa wawili: wewe wa kufunga, mimi wa kukulisha pasi. Mimi nikapata mimba, wewe ukapata jina. Haya, tuyaache.

Njiti anapanda basi Jumamosi. Tangu amalize shule hataki kusikia lingine ila mpira wa kikapu na timu ya shangazi yake. Alizaliwa kabla ya wakati, nikamlea kifuani kama kifaranga. Leo namtazama kwa kuinua shingo. Usimwache alale na nywele mbichi. Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huishia kukatiana, na hili nataka ulisikie lote: nimekuazima, sijakupa.

Wifi yako

30 Machi

Wifi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na goti langu bado linatabiri mvua kuliko redio. Mwambie kaka apunguze, hatujacheza hata mechi moja ya maana.

Ukocha mkuu si kama nilivyoudhania. Miaka yote niliyokuwa msaidizi nilibeba mipira na kunyamaza, nikijisemea moyoni, "Ningekuwa mimi..." Sasa ndiyo mimi. Viongozi wa klabu wananiuliza mambo ambayo hawakumwuliza mwanamume aliyenitangulia, kama wachezaji wananiogopa, kama nitaweza kufoka. Juzi nilifoka, katibu akamwaga chai.

Njiti anadunda mpira sebuleni mpaka wapangaji wa chini wanagonga dari kwa ufagio. Ana macho yako, anaiona pasi kabla haijazaliwa. Jioni tunatazama mechi pamoja, kichwa chake begani kwangu. Wachezaji wote wananiita Mama Kocha, naye kafuata. Nywele usiwe na wasiwasi, namkausha kwa mikono yangu.

Wifi yako

14 Juni

Wifi,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Jumapili Njiti kapiga simu. Nikamwuliza, "Umekula nini, mwanangu?" Akasema, "Mama, Shangazi anasema wali usiku unalemaza miguu." Nikamwambia avae sweta. "Shangazi anasema mwili uzoee baridi." Nikamwambia nimemkumbuka. "Ngoja, Mama, Mama Kocha ananiita." Akakata. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeuziwa boksi tupu.

Hilo ningelimeza. Lakini leo mteja kaja na gazeti. Picha yenu iko ukurasa wa nyuma, umemshika kidevu, na chini yake wameandika: "Kocha mkuu na binti yake." Binti yake! Kaka yako kacheka mpaka kashika mbavu. Mimi nimeingia chumba cha kupimia nguo, nikavuta pazia.

Mwandishi huyo aliambiwa na nani? Na ulipoliona gazeti, hukuwa na mdomo wa kusahihisha? Uwanja uliuchukua, nikanyamaza. Vikombe, safari, jina, vyote nimevipigia makofi huku nimebeba mtoto mgongoni. Sasa umemtaka na mtoto?

Mama yake Njiti

2 Julai

Wifi, au nikuite Mama Njiti, kama ulivyojisaini?

Afya yako leo sikuulizi, na yangu haikuhusu. Mtoto hajambo.

Uwanja sikukunyang'anya. Uliondoka mwenyewe, tumbo mbele, kaka yangu nyuma kakubebea begi. Unajua msimu ule nilikuwaje? Hakuna aliyenipa mpira pale nilipoutaka. Watu wakasema, "Kumbe yule mrefu alikuwa anabebwa na yule mfupi." Miaka yote hii umenionea wivu, hukujua kwamba niliyeanza ni mimi. Kaka alikuwa akija uwanjani kunishangilia mimi. Siku moja nikafunga, nikageuka kumtafuta jukwaani, nikamkuta anakutazama wewe.

Mwandishi aliuliza, "Huyu ni binti yako?" Nikamjibu, "Binti yetu." Yeye kaandika alivyoandika, na mimi sikusahihisha. Shangazi ni baba wa kike, kwa hiyo ukitaka kulikosoa gazeti, wadai waandike "baba".

Nyumba hii, tangu mume wangu aondoke, ilikuwa na kiti kimoja kinachokaliwa. Sasa mlangoni kuna viatu vya watu wawili, na nikirudi kazini nakuta taa inawaka. Nisamehe kwa kuipenda taa.

Shangazi yake Njiti

20 Oktoba

Wifi,

Hukunijibu muda wote huu, nami sikukusukuma. Hamjambo lakini? Mmesikia redioni kwamba tumechukua ubingwa. Redio haikusema yaliyobaki.

Robo ya mwisho ya fainali, mchezaji mmoja wa wapinzani alikuwa anampita Njiti upande wa kushoto kila akitaka. Nikamwonya. Akanijibu mbele ya benchi zima, "Hebu niache, Shangazi." Hakusema "Kocha", wifi. Kasema "Shangazi". Nikamtoa, nikamwingiza mwingine, tukashinda. Wenzake wanarukaruka, yeye kakaa na taulo kichwani. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Ungekuwa mama yangu, ungenitoa?" Nikamwambia akaoge.

Tangu siku ile analala kwa mchezaji mwenzake, na simu yangu hapokei. Anakuja kwenu kesho. Mwambie kambi ya msimu mpya inafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Desemba. Asiyekuwepo anafutwa, na kwa hilo viongozi hawana mjadala. Mwambie wewe, wewe atakusikia.

Wifi yako, kama bado unanikubali

11 Novemba

Wifi,

Salamu. Hatujambo, nyumba imejaa.

Sitakuficha, nimefurahi. Alishuka kwenye basi, akainama, akaweka kichwa begani kwangu mbele ya abiria wote, akalia. "Mama, Shangazi kanidhalilisha." Wivu wangu wote ukapata chakula. Nikamwambia, "Ndivyo alivyo, tangu zamani anajipenda." Lo, utamu wa maneno yale mdomoni!

Sasa anashinda nami dukani. Anakata nyuzi, anashona vifungo. Wali anaula usiku, na anaongeza. Wateja wakisema, "Umepata msaidizi," nasimama wima utadhani ubingwa nimeuchukua mimi.

Mpira haugusi. Nikiutaja anageukia ukutani.

Habari ya kambi sijamwambia. Kaka yako kaniuliza kama umeandika, nikasema hapana. Sijui kama nitamwambia. Umekaa naye vya kutosha, wifi. Hii zamu yangu.

Mama Njiti

19 Novemba

Wifi,

Shikamoo, kama ni shikamoo unayoitaka. Umenishinda. Sasa mwambie mtoto.

Kama tatizo ni mimi, nimeshaliondoa. Ile timu ya upande wa pili wa mji, tuliyoifunga kwenye fainali, kocha wao simpendi na yeye hanipendi. Nimekwenda ofisini kwake, nikasimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia, "Kuna msichana. Mchukue." Akacheka. "Leo unanipa wa kwako?" Nikamwambia, "Si wangu." Nafasi anayo, na kitanda kwenye bweni lao kipo. Hatalala kwangu, hataniita chochote. Ila acheze, wifi. Vifungo atashona akizeeka.

Wifi yako

3 Desemba

Wifi,

Marahaba. Hatujambo, na vifungo navyo havijambo, asante kwa kuviulizia.

Barua yako iliniudhi. Hata katika kumwachia umeniwahi! Nikaona hapana, hilo nalo halinipiti. Nikamwita Njiti, nikamweleza yote, la kambi, la timu ile nyingine, na kwamba nilimficha. Akaninunia siku kadhaa. "Mnanivuta kama kitambaa," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini."

Jumamosi nikamwambia, "Lete mpira." Tukaenda uwanja wa shule, gauni nimelifunga kiunoni, miguuni raba za kaka yako. Nikampita kushoto. Akakasirika, nikampita tena huko huko kushoto, mimi, na mgongo huu! Kisha nikakaa chini kuhema. "Shangazi yako alifanya sawa kukutoa," nikamwambia. Maneno hayo, wifi, yalinikwaruza koo yakitoka.

Akakaa karibu yangu, anazungusha mpira mikononi. Baadaye akasema, "Basi naenda timu ile nyingine. Nataka nikutane naye uwanjani."

Sikumshauri, nakuapia. Ila sikumzuia pia. Kaondoka asubuhi ya leo, na kaka yako anazunguka nyumbani kama aliyepoteza funguo.

Wifi yako

24 Februari

Wifi,

Mmefika salama? Nisamehe kwa kutokuaga pale uwanjani, viongozi walinidaka mlangoni.

Umemwona mtoto. Nilimtuma kwake mchezaji wangu mwepesi kuliko wote, nikamwelekeza apite kushoto. Hakupita hata mara moja. Katibu akanigeukia, "Huyu si alikuwa wetu? Nani aliyemwachia?" Nikasema, "Mimi." Tumefungwa, na Jumatatu nimeitwa kikaoni. Hilo nitajua pa kulishika, sikuingia kazi hii jana.

Linaloniuma ni lingine. Kipenga kilipolia alipita kwenye mstari wetu kutoa mkono. Akanifikia. "Asante kwa mchezo, Kocha." Kiganja kimoja, macho kwa macho, basi, akaenda kwa mwingine. Ni mimi niliyemfundisha kuwaaga hivyo makocha wa wapinzani. Kisha akaruka kizuizi, akapanda ngazi za jukwaa mbilimbili mpaka ulipokuwa umesimama na mkoba wako. Akakuzungushia mikono yote, akainama sikioni kwako, akakwambia kitu. Hakikuwa kifupi. Ukacheka huku unafuta macho, halafu nyote wawili mkatazama chini nilipokuwa. Nikajifanya nafuta ubao. Haukuwa umeandikwa kitu.

Kaka nimemwuliza, anasema kelele zilikuwa nyingi. Njiti siwezi kumwuliza. Umebaki wewe. Najua una kila haki ya kuninyima. Ningekuwa mimi ningekunyima, na ningelala usingizi mzuri.

Lakini, wifi, alikwambia nini?

Wifi yako