Shimo Lako Limekula Sabuni

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini ulinifundisha nisianze neno bila salamu.

Jiko limezima. Tangu wiki ile ile tuliyokuzika, mtambo wako wa bayogesi, uliouchimba kwa mikono yako hapa Bigwa, hautoi hata moto wa kuchemsha chai. Mama amerudi kwenye kuni, na kikohozi chake kimerudi naye. Samadi ya ng'ombe wako inarundikana nyuma ya banda, inaozea hewani. Ile gesi ya methani uliyosema inaongeza joto duniani sasa inapotea bure badala ya kutupikia ugali.

Nimewapigia simu watu wa mradi wa bayogesi mpaka nimechoka. Mwishowe akaja bwana mmoja mwenye fulana mpya. Hakufungua hata mfuniko! Alipiga picha kibao chetu cha "Kaya ya Mfano", akasema Jumanne wanakuja wageni kuona nchi inavyopunguza methani. Nikamwambia moto haupo. Akanijibu bila aibu, "Dada, si tunaficha mtungi wa gesi chini ya meza? Wao wataona moto wa bluu tu." Nilimtoa na ufagio mkononi. Ungenikemea, halafu ungecheka mpaka kofia ianguke.

Majirani nao, eti gesi imemfuata mwenyewe kaburini. Nimewachoka!

Jana nikafungua mdomo wa shimo mimi mwenyewe. Linanuka sabuni, Baba. Ndipo nikakumbuka siku ya msiba, akina mama wanasugua masufuria ya pilau, mapovu tele, wananiuliza maji wamwage wapi. Mimi ndiye niliyewanyooshea kidole: "Hapo hapo." Mimi, niliyekusikia miaka yote ukisema, "Hili ni tumbo, mwanangu. Usililishe sabuni, itaua vijidudu vinavyotengeneza gesi." Nilikuwa nalia, sioni mbele... Nisamehe.

Leo nimeanza kulichota, ndoo kwa ndoo. Jirani mwenye mtambo kama wetu amenipa tope lake liwe mbegu ya vijidudu vipya. Wageni wakija watanikuta nimechafuka mpaka viwikoni, jiko likiwa baridi, na nitawaambia ukweli wote. Mtungi hauingii jikoni kwako. Moto ukiwaka, chai ya kwanza ni ya Mama.

Pumzika, Baba. Tumbo lako nitalilisha samadi tu.

Mwanao aliyelilisha sabuni,
Mwajuma