Ulisema Unapenda Mifupa

Mama,

Sikuandikii kukulilia. Nimekulilia miezi minane, sasa nimebaki na hasira tu, na hasira hiyo ni yako.

Walikuzika na gauni jipya jeupe. Uliuza mitumba soko la Kibuye tangu sijazaliwa, na hiyo ndiyo nguo pekee uliyovaa ambayo hakuna mtu aliyekutangulia kuivaa. Akina mama wa kikundi chako cha kupika misibani walishonesha sare ya kitenge kwa siku nne, wakaimba vizuri sana. Ulipokuwa ukienda hospitali Kombewa peke yako, hakuna aliyekuwa na nafasi. Lakini nisiwasingizie. Uliwaambia nini? "Niko sawa tu." Uliuficha ule uvimbe wa titi chini ya leso, na siku aliyokuita daktari ukaenda kusonga ugali matangani, kwa watu ambao hata majina yao hukuyajua vizuri. Ulirudi umechoka, umefurahi kwamba chakula kilitosha.

Halafu kuna samaki. Sisi ulitununulia ngege mzima, wewe ukajinunulia mgongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishaenda kiwandani. "Mimi napenda mifupa," ulisema, na niliamini hadi wiki yako ya mwisho wodini, nilipokuletea ngege niliyemtoa miiba. Ulimla harakaharaka, macho mlangoni, kama mwizi. Ukauliza kama wengine wamekula. Kisha ukasema polepole, "Kumbe ni tamu hivi."

Mbona uliniambia, Mama? Ungekufa tu na uongo wako, mimi ningelala.

Baada ya matanga mwenyekiti wa kikundi aliniletea aproni yako na mwiko wako mrefu. "Nyathina, mwanangu, sasa wewe ndio Mama yetu." Nikaona fahari, mjinga mimi. Nikawa napika kila msiba, kuanzia huku kwetu Seme hadi Mamboleo. Huko nje waliniita malaika. Nikirudi nyumbani namfokea mume wangu kwa sababu ya kijiko, na watoto wakiniita nasikia chuki, ndiyo, chuki. Watu niliwagawia kila kitu isipokuwa ukali, huo nikauhifadhia wangu.

Jumapili moja Achieng, mjukuu wako wa miaka saba, alimsogezea kaka yake mnofu wote akabaki na miiba. Akasema yeye anapenda mifupa, kama Dani, bibi yake. Nikamzaba kofi. Mkono ulienda wenyewe. Alinitazama akitafuta kosa lake, kwa maana alikuwa ametenda jambo jema. Kofi lile lilikuwa lako, Mama. Lilimpata yeye kwa sababu wewe umeshaondoka.

Nilirudisha mwiko kikundini. Nikasema tupike kwa zamu, na aliye mgonjwa aseme ni mgonjwa, akae chini. Mwenyekiti akasimama: "Mama yako hangefanya hii kitu." Nikamjibu mbele ya wote, "Ndiyo maana tumemzika." Wengine hawanisalimii mpaka leo. Wacha wasinisalimie. Ila yule jirani yako wa kibanda, Mama Apiyo, alinifuata nje, akanishika mkono, akaomba nimsindikize hospitali. Alikuwa amenyamaza mwaka mzima na uvimbe wake, akikuiga wewe. Daktari anasema amechelewa, ingawa si kama ulivyochelewa wewe. Ninaenda naye kila akiitwa. Ninakula kwanza, ndipo ninapoenda, na sijawahi kumfokea mtu yeyote nikirudi.

Hukujipenda hata kidogo, ukatufundisha kwamba mapenzi ni mtu kujimaliza. Sisi tulikuwa wanafunzi wazuri. Tulikumaliza.

Nakupenda, Mama. Nakuchukia pia kidogo, utanivumilia. Lala salama huko uliko, na usinisubiri mapema. Nakuahidi nitajipenda waziwazi, mbele ya watoto, waone kwa macho yao jinsi inavyofanywa.

Kesho naenda kupimwa titi langu mwenyewe. Achieng ameniuliza itakuwaje mtu akifariki siku hiyo, na wapishi ni wachache. Nimemwambia atazikwa tu, mimi nikiwa hospitali.

Binti yako,
Akoth