Siwatoi kwenye Picha

Kwako Mama, ambaye hatuna picha yako hata moja ukiwa kazini,

Unakumbuka likizo ulizonichukua kwenye shamba la chumvi? Ulinikalisha ukingoni mwa jaruba, kile kidimbwi cha kukaushia maji ya bahari, nami nikayakodolea maji nione chumvi ikiganda. Nikalalamika kwamba haitokei. Ukacheka: "Inakuonea haya. Mnafanana."

Sasa nimeiona, Mama. Klabu yetu ya shule ina kamera inayopiga picha yenyewe kwa vipindi. Picha zikiunganishwa, kutwa nzima inapita kwa dakika moja. Kwa maonyesho ya Ijumaa, wageni watakapokuja shuleni, wenzangu walichagua bandari. Mimi nikaenda kwenye jaruba lako. Miguu ya stendi ilizama kwenye tope, nikaweka kifuu chini ya kila mguu, kisha nikaifunika kamera kwa kipande cha nailoni isiliwe na chumvi.

Mama Zuhura, shoga yako, akasogea na reki yake. "Mwanangu, umetutegea nini hapo?"

"Picha, mama. Inapiga kutwa."

"Kutwa? Basi nina kazi. Tumbo hili nitalivuta ndani mpaka saa ngapi?"

Niliitega ipige mara moja kila baada ya dakika kadhaa. Nilipoitazama filamu nilifurahi, halafu furaha ikakatika. Maji yalipungua, weupe ukatanda, kisha chumvi ikajikusanya yenyewe marundo marundo. Akina mama walipita kama nzi mbele ya kioo. Mgongo wa Mama Zuhura, ulioinama tangu asubuhi, haukuwepo. Nikajua hata wewe ungefutika hivyo hivyo.

Nikarudi. Nikaishusha kamera, nikaisogeza karibu, nikaitega ipige kila baada ya sekunde chache. Safari hii wamo. Wanainama, wanavuta, wanajinyoosha wameshika viuno. Mama Zuhura anajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Wanakwenda mbio mbio, lakini wamo. Chini nimeandika majina yao, na kazi ya kila mmoja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, asiwepo wa kusingizia hakuelewa.

Mwalimu wa klabu hakuipenda. "Hawa wanakatiza. Ile ya kwanza ilikuwa safi. Wageni wanakuja kuona chumvi, si migongo ya watu."

"Siwatoi, mwalimu."

Wenzangu wakageuka kunitazama. Nadhani wengine walikuwa hawaijui sauti yangu.

"Basi Ijumaa leta ile ya kwanza, au usilete kitu."

Mama, ile ya kwanza nimeifuta. Nimeifuta kwenye kamera na kwenye kompyuta, kwa akili zangu timamu. Akiitaka chumvi ataipokea pamoja na walioivuna. Akikataa, nitasimama getini na simu ya Baba, niwaonyeshe wageni mmoja mmoja. Akina mama nimewaalika. Wamesema watavaa kanga zao za Idi, na wasipopewa viti watasimama, kusimama wamezoea.

Mgeni akiniuliza hawa ni nani, nitawataja wote. Nitamwambia pia kwamba mama yangu aliifanya kazi hii mpaka alipougua akatutoka, na leo sina cha kuonyesha. Kwa wenzako, hilo halitatokea tena nikiwepo.

Leo ni Alhamisi. Acha nikuage, simu ya Baba inataka chaji.

Binti yako, kitinda mimba