Maji ya Betri za Trekta Yako

Kwako Baba, huko uliko,

Nimekaa kwenye kiti cha trekta yako hapa gereji, huku Oakdale ughaibuni, na sijui nianze kwa kukuomba msamaha au kwa kukuchekesha. Ulinishika mkono pale hospitalini ukasema, "Usiiache ife," nami nikaitikia haraka, kama mtu anayeahidi jambo dogo. Sasa haina nguvu hata ya kutoka mlangoni.

Unakumbuka siku uliyoileta? Trekta ya bustani ya umeme, kongwe kuliko mimi, rangi imechujuka, kiti kimepasuka. Nikakuuliza ni nani hununua mashine iliyomzidi binti yake umri. Ukacheka, ukafungua boneti, ukanionyesha betri sita zilizounganishwa. "Mota hii itanizika mimi," ukasema. "Kinachokufa ni betri, tena hufa kwa kiu."

Kiangazi ulikata nyasi bila kelele, mpaka majirani wakasikia nyimbo zako za kanisani. Theluji ikija, uliifungia mbele lile bapa la kusukuma theluji ukasafisha njia yetu na ya mzee wa nyumba ya pili. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ulivaa miwani na glavu, ukasugua ukoko mweupe kwenye vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani na maji ya magadi, kisha ukaongeza maji ya dukani, yale yasiyo na chumvi. "Ya bomba hapana," ulinikanya. "Ya hapa yana chokaa, yataziua polepole." Mimi ni muuguzi, Baba. Maagizo ya aina hiyo huwa sihitaji kuambiwa mara mbili.

Ndiyo maana nilichanganyikiwa. Theluji ilipoyeyuka nilifuata kila kitu ulichonifundisha. Galoni zako nne zilikuwa kwenye rafu, zimejaa, nikamimina kwa uangalifu uleule ninaoutumia kupima dawa. Juni ilikata uwanja wote kwa chaji moja. Julai, nusu. Agosti ikazimika karibu na kitalu cha nyanya, nikaisukuma hadi gereji huku jirani akinitazama. Nilikaza nyaya, nikakagua kaboni za mota, nikabadilisha plagi ya chaja. Hakuna. Nikaanza kuwaza mambo ya ajabu, kwamba labda ilikuwa ikikutii wewe tu. Hata nilikukasirikia, kwamba umeondoka na siri moja bila kunieleza. Nakiri hilo.

Jumapili iliyopita Auntie Nyambura alipita baada ya ibada. Ndiye aliyesimamia jikoni zile wiki mbili za maombi ya msiba wako, kabla hatujakusafirisha nyumbani ukazikwe. Nikamlilia hapa gereji kuhusu betri, akainua macho akaziona galoni.

"Ai, si hizi ndizo tulipikia chai?"

"Chai gani, Auntie?"

"Ya maombi, my dear. Watu walikuwa wengi, sinki imejaa vyombo. Tukaona maji ya ku-buy, clean kabisa, tukasema wageni wapewe hayo. Lakini tulirudishia! Tulijaza zote kwa bomba ya basement. Hatungekuachia galoni empty."

Alisema kwa fahari, Baba. Nikakaa juu ya ndoo. Nikacheka, kisha nikalia, naye akanikumbatia akidhani nimekukumbuka wewe. Sikumwambia. Ningemwambiaje? Wale akina mama walitoka kazini wamechoka wakaja kunipikia, na kitu pekee kilichopita kooni mwangu siku zile ni chai yao. Nilikunywa vikombe vitatu kila jioni. Yaani mimi nilikunywa maji ya betri zako, na betri zako zikanyweshwa ya bomba, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Fundi alikuja juzi. Amesema mota ni nzima kabisa, ila betri zote sita ni za kubadilishwa. Mpya zitafika wiki ijayo, kabla ya theluji. Nilipaswa kufurahi, lakini kila nikibeba moja ya zile za zamani kuipeleka kwenye gari, nairudisha chini. Ulizihudumia miaka yote hiyo, nami nikazimaliza kwa msimu mmoja. Nikiweka nyingine, hii bado ni trekta yako? Ahadi yangu ilikuwa ya mota, au ya hizi? Ungekuwa hapa ungenicheka, na ningeona nafuu.

Leo asubuhi nimenunua galoni tano za maji ya dukani. Nne nimeziandika kwa kalamu nene: SI YA CHAI. Nimezipanga kwenye rafu yako.

Ya tano nimeiweka karibu na mlango wa jikoni, bila kuandika chochote. Wageni wakija.

Ni mimi, binti yako uliyemwachia ufunguo.